Habari Nzito, Mkono Mwepesi: Utangulizi wa Uchambuzi wa Habari za Televisheni

Kama umewahi kuitazama taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho, kisha mtu akakuuliza wamesema nini, ukajikuta unakumbuka magari, sura za wakubwa na bao la dakika za mwisho tu, basi umeshaingia katika somo hili bila kujua. Si kwamba ulisinzia, wala akili yako haina kasoro. Iko namna ya kuchagua, kupiga picha na kusoma habari ambayo hulishibisha jicho na kukiacha kichwa kitupu, na namna hiyo inachunguzika. Kazi ya kuichunguza ndiyo tunayoiita uchambuzi wa habari.

Ninaandika nikiwa Chumbageni, Tanga, na mifano yangu mingi nitaiokota hapa hapa mwambao. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Marekani na Ulaya, na mwanafunzi wetu huvifunga akidhani ugonjwa ni wa watu wa huko. Sharti la kujiunga nasi ni jepesi: uwe unatazama televisheni. Hesabu utakazohitaji ni kujumlisha na kutoa.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu analijua na karibu kila mtu hulisahau. Taarifa ya habari ni uteuzi. Nchi yetu ina mikoa 31, na katika kila mkoa, kila siku, kuna kesi mahakamani, mtumbwi uliozama, shule isiyo na mwalimu wa hisabati, bei ya mkonge iliyopanda au kushuka. Taarifa ina nusu saa, pengine saa nzima, na humo humo wanataka nafasi wenye matangazo ya biashara, michezo na hali ya hewa. Yaliyobaki hutosha habari chache. Kwa hiyo, kabla ya msomaji wa habari kutusalimu, mhariri ameshaacha nje takriban kila kitu kilichotokea siku hiyo. Hilo si kosa lake. Hakuna njia nyingine ya kuifanya kazi ile. Swali la fani yetu ni hili: anachagua kwa kigezo gani?

Vigezo hivyo huitwa thamani za habari, yaani sifa zinazolifanya jambo lionekane linafaa kutangazwa. Watu wawili waliovichunguza mapema ni Johan Galtung na Mari Ruge wa Norway. Katika makala yao ya mwaka 1965 walitazama jinsi magazeti ya nchi yao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Saiprasi, wakaorodhesha vigezo 12. Sitakuchosha na vyote. Vinne vinatutosha: jambo la ghafla hulishinda la pole pole, jambo baya hulishinda jema, wakubwa huwashinda wadogo, na jambo lenye sura ya mtu mmoja hulishinda lile linalotokana na mfumo. Navutiwa na kwamba Kongo ilikuwamo katika utafiti ule. Jirani yetu ndiye aliyewafundisha wasomi wa Ulaya kwamba msomaji wa mbali huletewa milio ya risasi, lakini haletewi historia ya migodi.

Hebu vijaribu vigezo hivyo hapa nyumbani. Mvua ikivunja daraja barabara ya Pangani, hiyo ni habari: ya ghafla, mbaya, na ina picha. Daraja lile lile likioza kidogo kidogo kwa miaka 10 kwa kukosa matengenezo, hiyo si habari, mpaka siku litakapovunjika. Ukiielewa sentensi hiyo umeshaelewa robo ya somo zima.

Sasa tufike kwenye neno letu la msingi. Uwepesishaji wa habari ni kulipunguzia jambo uzito wake wakati wa kulitangaza, hata mtazamaji akalipokea kama kitu cha kupitisha muda. Wageni wengi wa fani hii hujikwaa hapa. Ukiwatajia uwepesishaji, wanakimbilia udaku: nani kaachana na nani, msanii gani katafuta kiki kwa kujifanya ana mimba. Naam, udaku ukiingia katika taarifa ya habari hula dakika. Lakini huo ni uwepesi wa mada, na mtazamaji huujua mara moja na kuucheka. Upo uwepesi wa pili, ambao mimi nauona mbaya zaidi kwa sababu huvaa suti: mada ni nzito, ila mkono unaoishika ni mwepesi. Ukitaka kunielewa, nitakuwekea mambo mawili ya Tanga, moja linaloonekana jepesi na jingine zito.

La kwanza ni samaki. Silikanti ni samaki wa kina kirefu ambaye wanasayansi waliamini ametoweka zamani za dinosaria, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wa Tanga wakawa wanamnasa mmoja baada ya mwingine. Kwa televisheni huyu ni mgeni wa heri: ana mapezi kama miguu, ana sura ya kale, na mvuvi amesimama kando yake akitabasamu. Habari huitwa "samaki wa ajabu", husomwa mwishoni kabisa, na msomaji wa habari hucheka kidogo kabla ya kututakia usiku mwema.

Lakini muulize mvuvi amempataje. Atakuambia kwa jarife, ule wavu mkubwa wa papa, uliotegwa kwenye kina kirefu. Kwa nini ulitegwa huko? Hapo unafika kwenye samaki waliopungua karibu na ufukwe, kwenye matumbawe yaliyopasuliwa na uvuvi wa baruti ambao mwambao wetu uliuzoea kwa miongo mingi, kwenye bei ya papa, na kwenye nani anamiliki boti na nani anaajiriwa nayo. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, nayo ikaleta swali jingine zito: mvuvi wa vijiji vilivyomo ndani ya hifadhi atavua wapi, na kwa nyavu zipi? Yote hayo yalikuwa ndani ya yule samaki wa ajabu. Mada ilionekana nyepesi, na mkono mzito ungeifungua.

La pili ni bomba la mafuta. Tarehe 5 Agosti 2017, Marais John Magufuli na Yoweri Museveni waliweka jiwe la msingi pale Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu. Urefu wa bomba ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, zikipita katika mikoa 8. Mafuta ya Uganda yana nta, huganda yakipoa, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima. Huwezi kupata mada nzito kuliko hiyo. Ina ardhi, fidia, ajira, bahari, mikopo, na ushuru kwa kila pipa litakalopita.

Sasa kumbuka habari za aina hii huwa zinaonyeshwaje. Ni ngoma, mahema, zulia, wakubwa wakifunua kitambaa, hotuba, vigelegele. Mtazamaji wa Chumbageni anajua nani alikuja na alivaa nini, na hajui kwa nini bomba lipashwe joto, wala mwenye minazi yake analipwa kwa kipimo gani. Ulinganishe na silikanti. Ukubwa wa habari hautoki kwenye mada peke yake, na ukishaushika uzi huu, mengine yote yatajipanga.

Wataalamu wana istilahi ya kutusaidia hapa: fremu. Fremu ni mpaka ambao mtangazaji anauchora kulizunguka jambo, akiamua kipi kionekane na kipi kibaki nje. Shanto Iyengar, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu televisheni ya Marekani, alizigawa fremu mara mbili. Fremu ya tukio humwonyesha mtu mmoja, siku moja, mahali pamoja. Fremu ya mada huonyesha hali yenyewe, pamoja na sababu zake na takwimu zake. Akagundua jambo ambalo bado hunishtua kila ninapolifundisha: watu waliolishwa fremu ya tukio humlaumu mtu aliyeonyeshwa. Wakiona maskini mmoja baada ya mwingine, huhitimisha kwamba maskini ni wavivu. Wakionyeshwa mishahara, bei na sera, ndipo huanza kuuliza kuhusu wenye madaraka.

Utaniuliza: je, fremu ya tukio ni mbaya daima? Hapana. Mtu mmoja mwenye jina na sura ndiye mlango mzuri wa kuingilia jambo kubwa, na ripota hodari huanza naye. Tatizo ni kuishia mlangoni.

Mfano wa nchi nzima unaukumbuka. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliwanywesha watu kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Televisheni zilijaa foleni za magari na shuhuda za waliodai kupona. Kwa macho ilikuwa habari kubwa, na ilistahili kutangazwa. Watu walifia njiani. Lakini swali zito halikuwa kama mchungaji huyo ni nabii. Swali lilikuwa nini kinamfanya mgonjwa wa kisukari au wa virusi vya UKIMWI aache dawa za hospitali akapande basi siku nzima, na hospitali yake ikoje. Foleni iliposhika kioo, swali hilo likakosa mahali pa kukaa.

Tupande ngazi moja. Mmarekani Daniel Boorstin, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika juu ya tukio la kutengenezwa: jambo linalofanyika kwa sababu tu kuna waandishi watakaoliripoti. Mkutano na waandishi ni mfano wake, na uzinduzi wa jambo ambalo lilishaanza mwezi uliopita ni mfano bora zaidi. Sisi tuna aina yetu, nayo ningependa uitazame kwa karibu, picha kwa picha.

Ni semina ya siku moja katika ukumbi wa hoteli. Picha ya kwanza ni magari yakiingia. Ya pili, mgeni rasmi anashuka na anapeana mikono na safu ya watu waliosimama. Ya tatu, meza kuu yenye kitambaa cha mikunjo na chupa za maji zilizopangwa mstari. Ya nne, washiriki; wengine wanaandika na wengine wanachezea simu, na mpiga picha, kwa adabu, humchagua anayeandika. Juu ya picha hizo ripota anasoma kwamba wananchi wametakiwa kufanya hivi, vijana wameaswa kuacha vile. Kisha mgeni rasmi anazungumza kwa sekunde kadhaa. Kisha mshiriki mmoja anashukuru kwa semina na kuomba ziwe nyingi zaidi. Ripota anataja jina lake na la mkoa. Kwisha. Sasa jiulize semina ilihusu nini, iliamua nini, na nani aliyekataa. Kama ilihusu maji ya Handeni, huenda hukuona hata ndoo.

Habari ya namna hiyo haina udaku wala kicheko. Ina heshima zake zote. Na bado ni nyepesi kama unyoya.

Zaidi ya habari moja moja, iko namna zinavyofuatana. Neil Postman, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1985, aliitazama ile tabia ya mtangazaji kuhama kutoka kwenye mauaji kwenda kwenye mashindano ya urembo bila kupumua. Hoja yake ni kwamba mpangilio huo wenyewe hutufundisha kuwa hakuna jambo lililo zito mno lisifutwe na linalofuata. Mfaransa Pierre Bourdieu aliongeza, katika mihadhara ya mwaka 1996 ambayo, kwa kichekesho kizuri, ilirushwa kwenye televisheni, kwamba dakika za hewani ni mali adimu: ukizitumia kwa mambo matupu, umeyaficha mambo yenye faida bila kuhitaji mkaguzi wa kuyakata.

Kwa nini basi iwe hivi kwetu? Hapa ningependa twende taratibu, kwa kuwa wengi huishia kuwalaumu waandishi, jambo ambalo ni fremu ya tukio tupu.

Televisheni ya Bara ni changa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa, na tulibaki na redio. Vituo vya kwanza vya Bara vilianza mwaka 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, navyo vilikuwa vya watu binafsi: CTN, DTV na ITV. Kituo cha taifa kilikuja miaka kadhaa baadaye. Kwa maneno mengine, televisheni yetu ilizaliwa sokoni. Matangazo ya biashara ndiyo yaliyoilea, na mwenye tangazo hununua macho ya watu. Mapema mwaka 2013 Tanga tulihama kutoka analojia kwenda dijitali, ving'amuzi vikaingia majumbani na chaneli zikawa nyingi. Macho yale yale yakagawanywa vipande vidogo zaidi. Baadaye zikaja televisheni za mtandaoni, ambazo habari yao hupimwa kwa idadi ya waliobofya.

Kisha kuna mfuko wa ripota. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka. Habari ya semina huchukua asubuhi moja, mwenyeji hutoa usafiri na posho, ile bahasha inayojulikana, na hakuna atakayekanusha. Habari ya majarife huchukua wiki, nauli ya boti ni ya kwako, na inaweza isitoke. Nisingependa kumhukumu kijana anayechagua ya kwanza. Mfumo umeshamchagulia.

Na sheria ina bei yake. Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ilivitoza vituo vitano, ITV, Star TV, Azam Two, EATV na Channel Ten, faini ya jumla ya shilingi milioni 60, kwa kutangaza taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Unaweza kuitetea au kuipinga hatua ile; mchambuzi huitazama kwa jicho la mhariri. Habari nzito imemgharimu mamilioni, na harusi ya msanii haijamgharimu kitu. Kesho ataweka nini kwanza?

Hapo hapo liweke suala la Bunge. Tarehe 27 Januari 2016, Waziri Nape Nnauye aliliarifu Bunge kwamba kituo cha taifa, TBC, hakitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, akitaja gharama za zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa mwaka. Badala yake vikao virekodiwe na vipande vioneshwe usiku. Mjadala ulikuwa juu ya haki ya kupata habari, nao ulikuwa wa msingi. Mimi naongeza la kiufundi: mjadala wa bajeti wa saa nzima ukikatwa kuwa dakika mbili, kinachonusurika ni kijembe. Hoja ya mbunge juu ya ushuru wa forodha haikatiki vizuri. Tusi lake linakatika.

Kabla hatujaachana, kuna pingamizi mbili utakazokutana nazo, na zote mbili zina nguvu. Ya kwanza husema watazamaji wenyewe ndio wanaotaka mepesi. Nusu yake ni kweli. Lakini nenda kijiweni uwasikilize wanywa kahawa wakichambua usajili wa Coastal Union, bingwa wa ligi mwaka 1988, kwa takwimu, historia, mikataba na hujuma za viongozi. Watu wanaoweza kuushika mpira kwa uzito ule hawashindwi kuelewa fidia ya ardhi. Hawajapewa tu.

Pingamizi ya pili ni kali zaidi, nayo hutoka kwa wasomi wenzetu: kwamba kilio cha uwepesishaji ni kiburi cha wenye elimu, wanaodhani siasa ni nzito na mambo ya jikoni ni mepesi. Naikubali kwa sehemu kubwa. Kwa muda mrefu wahariri wanaume waliita habari za ndoa, uzazi na bei ya unga "habari za kinamama", wakazisukuma pembeni. Hata gazeti la Kiongozi, lililochapishwa katika shule ya serikali hapa Tanga zama za Wajerumani, lilichanganya taarifa za wakubwa na barua za watu wa kawaida, na leo barua hizo ndizo hazina ya mwanahistoria. Kwa sababu hiyo nasisitiza mkono kuliko mada. Ugomvi wa mke na mume unaweza kuripotiwa kwa uzito unaoistahili sheria ya ndoa, na uzinduzi wa bandari unaweza kuripotiwa kama sherehe ya kipaimara.

Basi anza kazi. Chukua karatasi na saa ya simu, utazame taarifa ya kituo kimoja kwa wiki moja. Kwa kila habari andika mambo manne: imechukua sekunde ngapi, nani amesema kwa sauti yake mwenyewe, je, kuna sababu iliyotajwa au tukio tu, na je, jambo hili lingetokea kama kamera isingekuwapo. Usiweke maoni yako wiki hiyo. Jumlisha mwishoni. Utakuta viongozi wamepata dakika ngapi na wavuvi ngapi, na huenda matokeo yakatukanusha wewe na mimi, maana vipo vituo na wapo maripota wanaofanya kazi nzito kila wiki bila kusifiwa.

Ukishapata hesabu hiyo, iandike kwa ukurasa mmoja na uipeleke kwa mhariri wa kituo chako, kwa heshima. Wahariri wamezoea kulaumiwa kwa jumla. Ni wachache waliowahi kuletewa dakika zao wenyewe zimejumlishwa na mtazamaji wa Chumbageni.